Begi la Gita la Besi na Vyuma Vyake: Kupima, Kukagua na Kufunga

Besi huharibika njiani kwa namna nne. Kichwa kinagonga kitu na shingo inapasuka. Kitako kinatua chini kwa kishindo na kifungo cha mkanda kinazama ndani ya mbao. Mkanda unachomoka. Au maji yanapenya kwenye zipu Jumamosi usiku na hakuna anayelifungua begi hadi ibada ya wiki inayofuata. Muuzaji atakuambia habari za unene wa sponji, milimita 10, 15, 20, na unene una maana yake, lakini begi la milimita 20 lisilo na chochote cha kuishika shingo ni godoro tu lenye mikanda.

Pima besi kabla ya kwenda dukani

Besi nyingi bado zinafuata kipimo cha Precision Bass ambayo Fender waliitoa mwaka 1951: inchi 34, yaani sm 86.4, kutoka kizingiti cha nyuzi kichwani hadi kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili. Ukijumlisha kichwa na kiwiliwili, gita zima linafika sm 117 hadi 119. Jazz Bass ya 1960 iko humohumo, ila kiwiliwili chake kimekaa mshazari na kinahitaji upana zaidi. Besi fupi, kama Höfner 500/1 au Mustang Bass, zina inchi 30 (sm 76.2) na zinapwaya kwenye begi la kawaida. Za nyuzi tano mara nyingine hufika inchi 35. Thunderbird ya Gibson ni ndefu kiasi kwamba haiingii kwenye mabegi mengi ya besi. Mwenye nayo asinunue kitu kwa picha.

Chukua utepe wa fundi cherehani, andika namba nne:

1. Urefu wote, kuanzia ncha ya kifungo cha mkanda kitakoni hadi ncha ya kichwa.
2. Upana wa kiwiliwili sehemu ya chini, palipo pana kabisa.
3. Upana wa sehemu ya juu, kwenye pembe.
4. Unene kwenye briji na kwenye vifundo vya sauti. Mbao peke yake ni kama sm 4.5, pamoja na briji na vifundo hufika sm 6.5 au 7.

Dukani, ingiza utepe ndani ya begi. Kipimo kilichoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni cha nje, na sponji ya milimita 20 pande zote mbili inakula sm 4. Urefu wa ndani uzidi urefu wa gita kwa sm 2 hadi 4. Ukipungua hapo kichwa kinagusa ncha ya begi, na kila begi likigonga dari la daladala pigo linakwenda moja kwa moja kwenye shingo. Ukizidi sm 6, gita linateleza juu na chini na kujitengenezea kasi lenyewe.

Na tahadhari moja kwa wanaonunua kwa haraka: begi la gita la solo lina urefu wa ndani wa karibu mita moja tu. Wauzaji wasiopiga muziki huyachanganya.

Njia unayopita ndiyo inayochagua begi

Anayepanda boda anahitaji begi jembamba, lenye kitako kigumu na mikanda miwili ya mgongoni isiyoteleza. Wa daladala au matatu anahitaji mshikio wa shingoni, kwa sababu atalisimamisha gita kati ya magoti yake. Mwenye gari lake anaweza kuridhika na begi la kawaida kabisa, mradi asiliache ndani ya buti mchana: joto la buti lililoanikwa juani linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na hapo gundi za mbao huanza kulegea. Anayesafiri na bendi kwenye basi la usiku au kwenye fuso pamoja na maspika, begi laini si lake. Huyo asome sehemu ya kesi ngumu.

Ukaguzi wa begi, kwa mikono

Nenda na besi yako. Muuzaji akikataa usiijaribishe, nenda duka la pili.

*Shingo.* Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda. Seti ya kawaida ya nyuzi nne, 45 hadi 105, inavuta shingo kwa nguvu ya takribani kilo 75 hadi 80 saa zote. Besi ikianguka kwa mgongo, kichwa kinafika chini kwanza, kinasimama ghafla, huku kiwiliwili cha kilo nne kikiendelea na safari. Mvuto wa nyuzi unasaidia kumalizia kazi. Besi zenye kichwa kilichoinama nyuma, kama za Gibson, ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa nyuzi za mbao pale shingoni zimekatwa kwa mshazari na kubaki fupi. Kichwa kilichonyooka cha Fender kinastahimili zaidi, lakini funguo zake za kukazia nyuzi huchukua pigo na kupinda shina.

Begi zuri lina kizuizi cha sponji ngumu chenye umbo la U kinachokaa chini ya shingo, kati ya freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya tatu, pamoja na mkanda wa velkro wa kuifunga. Kichwa kinabaki kikielea. Jaribu hivi: laza begi mezani likiwa wazi, weka besi, funga velkro, kisha pitisha vidole viwili chini ya kichwa. Vipite bila kubanwa. Pitisha vidole vilevile kati ya ncha ya kichwa na ncha ya begi. Vikikwama mahali pamojawapo kati ya hapo, begi hilo halikufai hata kama limetoka kwenye kampuni yenye jina.

*Kitako.* Ukiliweka begi chini, uzito wote wa gita unakaa juu ya kifungo kimoja cha chuma chenye upana wa sm moja na nusu. Bonyeza kitako cha begi kwa nje ukitumia mpini wa bisibisi, kidole cha mkono wa pili kikiwa ndani. Kidole kikiuhisi mpini, hakuna kitu hapo. Panatakiwa soli ya raba kwa nje, na ndani yake sponji ngumu ya angalau milimita 20, ikiwezekana yenye tundu au shimo la kukipokea kifungo ili mzigo ubebwe na mbao za pembeni.

*Sponji.* Kuna za aina mbili. Ile laini ya godoro inapokea hewa na maji, na baada ya mwaka mmoja wa kubanwa inakuwa kitambaa. Ile yenye vipovu vilivyofungwa, ngumu kidogo na nyepesi, hainywi maji na inarudi umbo lake. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada kwa nguvu zako zote. Vidole vikikutana, ni ya godoro. Milimita 12 za sponji ngumu zinalinda kuliko 25 za laini.

*Zipu.* Geuza kitelezi uangalie nyuma yake; zipu nyingi zina namba. Namba 8 au 10 ndizo za begi la besi. Namba 5 ni ya mfuko wa mbele. Chagua ya nailoni, ile ya mzingo. Ya chuma hukwaruza rangi ya gita na ukanda wa pwani inaliwa na kutu haraka. Izungushe mara tatu mfululizo ukiwa na besi ndani, na usikilize kwenye kona ya chini ya kiwiliwili: ikikwama hapo leo, ndipo itakapofunguka yenyewe baada ya miezi sita. Kuwe na kitambaa cha kuifunika mvua isipige meno moja kwa moja.

*Mikanda ya mgongoni.* Angalia inaposhikia. Mkanda ulioshonwa kwa mstari mmoja juu ya kitambaa utang'oka. Unaotakiwa umeingizwa ndani ya mshono mkuu na kushonewa mraba wenye msalaba katikati. Weka besi ndani, shika mkanda mmoja, inua na tingisha kwa ghafla mara tano. Sikiliza uzi. Begi lenyewe hupima kilo 2 hadi 4, ongeza besi ya kilo 4, waya, kifaa cha kutuni na chupa ya maji, na mkanda mmoja unabeba mzigo huo kila unapolitupia begani.

*Kitambaa.* Namba kama 600D na 1680D zinaeleza uzito wa uzi. 600D inatosha kwa anayetembea mara moja kwa wiki. Anayepanda pikipiki atafute 1200D kwenda juu kwa sababu ya msuguano kitakoni. Namba hiyo haihusiani na maji. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa.

*Bitana.* Lowesha kitambaa cheupe kidogo, sugua bitana ya ndani mara kumi. Ikitoa rangi nyekundu au nyeusi, siku begi litakapoloa rangi hiyo itahamia kwenye besi yako, na kwenye gita jeupe haitoki. Pia nusa. Harufu kali ya plastiki ni dalili ya kuwa mbali nalo ikiwa gita lako lina vanishi ya zamani ya nitroselulosi, kwa kuwa vanishi hiyo hulainika na kunata ikigusana kwa muda mrefu na baadhi ya plastiki na raba. Besi nyingi za kisasa zina rangi ya poli (poliurethani au poliesta) na hazisumbuki.

*Sehemu ya briji.* Skrubu za kupandishia nyuzi zina ncha kali na zitatoboa bitana ndani ya miezi michache. Begi la maana lina kiraka cha ngozi au plastiki ngumu hapo.

Mifuko? Mmoja mkubwa wa waya, mmoja mdogo wa vifaa, basi. Mabegi yenye mifuko sita yanakushawishi uweke pedali na adapta, na vitu hivyo vinakaa juu ya pikapu (sumaku za kunasa sauti) kabisa, vikisukumwa ndani kila mtu anapokuegemea.

Begi la bei nafuu linavyopandishwa daraja

Wengi wataishia na begi jembamba la milimita 5 lililokuja bure na gita. Usilitupe. Fundi wa makochi, au wewe mwenyewe kwa kisu kikali na muda wa saa tatu, mnaweza kuligeuza likawa bora kuliko mengi ya dukani. Mahitaji: mkeka mmoja wa mazoezi wa sponji yenye vipovu vilivyofungwa, unene milimita 10, jozi moja ya kandambili nzito, velkro ya upana wa sm 2.5, urefu sm 40; kitambaa cha pamba nusu mita; gundi ya viatu.

Anza na kizuizi cha shingo. Kata vipande vya mkeka sm 12 kwa sm 10, vibandike kimoja juu ya kingine hadi ufikie kimo ambacho, ukilaza besi juu yake, nyuma ya funguo panabaki sm 2 za hewa. Kwa kichwa kilichonyooka hii huwa safu nne au tano. Kwa kilichoinama zitafika saba au nane. Chonga U katikati: upana sm 5 kwa besi ya nyuzi nne, sm 5.5 hadi 6 kwa ya nyuzi tano. Vika kitambaa cha pamba. Bandika velkro ili kizuizi kiweze kusogezwa, kisha mkanda mwingine wa velkro upite juu ya shingo.

Kitako: kata soli ya kandambili kwa umbo la kitako cha begi, toboa tundu la sm 2.5 mahali kifungo cha mkanda kinapoangukia, bandika juu yake kipande cha mkeka, funika kwa pamba, weka ndani. Ile kandambili ya pili ikatwe vipande viwili na kushonewa nje kama miguu. Hapo ndipo utaona kwa nini watu wa pwani hawatupi kandambili.

Mgongoni na mbele ya kiwiliwili, ingiza tabaka moja la mkeka kati ya bitana na kitambaa cha nje, kama fundi anaweza kuifumua bitana upande mmoja. Kama hawezi, lishonee juu ya bitana na kulifunika.

Kinachoharibu kazi hii ni haraka. Gundi ya viatu ina kiyeyusho kinachopanda kama mvuke na kulainisha vanishi. Acha begi wazi, mahali penye upepo, saa 24 kamili, na likiwa bado linanuka, ongeza siku. Na raba ya kandambili isiguse vanishi moja kwa moja. Ndiyo sababu ya kitambaa cha pamba.

Kesi ngumu

Kesi ya plaiwudi au ya plastiki ngumu hupima kilo 5 hadi 7 tupu. Inalinda dhidi ya kukandamizwa, kitu ambacho begi laini haliwezi. Ila kesi isiyolingana na gita ni hatari kuliko begi zuri, kwa kuwa gita linagonga kuta zake. Funga kesi, isimamishe, itikise kwa upole huku umeweka sikio. Ukisikia kitu kikisogea, jaza nafasi kwa taulo pembeni mwa kiwiliwili na chini ya shingo. Usijaze chini ya kichwa. Klipu ziwe angalau nne, na moja iwe ya kufuli.

Kuna ya katikati: kesi nyepesi ya sponji iliyobanwa, yenye zipu. Kwa basi na gari ni chaguo zuri sana. Kwenye boda ni tanga la mashua.

Loki za mkanda na vifungo vyake

Sasa vyuma. Anza na vile vinavyoshikilia besi mwilini mwako, maana besi huanguka jukwaani pia, si barabarani tu.

Ya bure kabisa ni washa ya raba: kata duara la sm 2.5 kwenye tyubu ya baiskeli, toboa katikati tundu dogo kuliko kifungo, ingiza mkanda kwanza kisha washa juu yake. Inashika vizuri na haitaki kubadili skrubu. Itoe gita likikaa muda mrefu bila kutumika, hasa lenye vanishi ya zamani.

Za kununua ziko familia mbili zinazojulikana. Schaller wana kiatu kinachokumbatia kifungo. Hata pini ikikatika, kifungo bado kimo ndani ya kiatu. Udhaifu wa toleo la zamani ni nati ya upande wa mkanda, ambayo hulegea taratibu kwa mtikisiko. Toleo la S-Lock limeweka skrubu ndogo ya kuibana. Dunlop Straplok hutumia pini yenye vigololi inayoingia katikati ya kifungo. Ni nyepesi kufunga na kufungua, lakini usiamini hadi usikie mlio wa kushika, na mchanga ukiingia tunduni vigololi havitoki vizuri.

Kufunga:

1. Fungua skrubu ya zamani na uilinganishe na mpya kwa unene na urefu. Ikiwa mpya ni nyembamba, haitashika tundu lililopo.
2. Tundu likiwa limepwaya, jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi nyeupe ya mbao, vitatu au vinne hadi vibane, vikate usawa wa mbao, subiri siku nzima.
3. Toboa upya kwa keekee ya milimita 2.5 ikiwa skrubu ni ya milimita 3.5, mbao ngumu sana, milimita 3. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina cha kusimama.
4. Paka skrubu nta ya mshumaa. Usitumie sabuni, inavuta unyevu na kuleta kutu.
5. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Mashine ya umeme hukata kichwa cha skrubu kabla hujashtuka.

Mkanda wenyewe uwe na upana wa sm 7 hadi 10. Wa sm 5, uliotengenezwa kwa gita la solo, utakukata bega kabla ya wimbo wa tatu. Na kabla ya kuingiza besi begini, vua mkanda pamoja na kiatu cha loki: kikibaki kitakoni kinaongeza urefu na kupeleka pigo lote kwenye skrubu.

Funguo, briji na jeki

Funguo zikilegea, kwanza tazama skrubu ndogo za nyuma na nati ya mbele kabla ya kulaumu meno. Skrubu hizo ni nyembamba na hukatika kwa kukazwa kupita kiasi. Robo mzunguko baada ya kugusa mbao inatosha. Ukibadilisha funguo, pima kwa venia (kipimo chenye taya) kipenyo cha tundu upande wa mbele na upande wa nyuma wa kichwa, na umbali kati ya skrubu. Funguo za besi hazina saizi moja, na tundu lililokwisha kupanuliwa halirudi. Kama besi yako inaangusha kichwa ukiiachia mikono, tafuta funguo nyepesi za aloi ya alumini kabla ya kufikiria mkanda mzito zaidi.

Briji ndiyo inayoteseka kwa hewa ya bahari. Kromu juu ya aloi ya zinki huota vipele vyeupe, na skrubu za kupandishia nyuzi zinaganda. Usizilazimishe. Weka tone la mafuta ya kulainishia kutu kwa ncha ya sindano, subiri usiku kucha, kisha tumia eleni (ufunguo mdogo wa pembe sita) iliyo sahihi kabisa: magita mengi ya Asia hutumia milimita 1.5, ya Marekani hutumia saizi za inchi, na eleni inayokaribiana ndiyo inayoharibu tundu. Ukinunua briji mpya, linganisha umbali kati ya matundu ya skrubu na umbali kati ya nyuzi: mpangilio wa Fender wa skrubu tano una nyuzi zilizoachana milimita 19 hivi, na briji nyingi za kubadilisha zimetengenezwa kuukalia bila kutoboa upya. Chini ya briji kuna waya mwembamba wa athi, wa kuzuia mvumo. Uhakikishe unagusa chuma kabla ya kukaza, la sivyo besi itavuma na haitanyamaza hata ukigusa nyuzi, na utalaumu amplifaya.

Nati ya jeki hulegea kwa kila anayechomeka waya. Ikaze kwa spana ya milimita 13 au ya nusu inchi, huku ukizuia jeki ya ndani isizunguke. Ikizunguka inakata waya wake. Usiweke besi begini na waya ukiwa umechomekwa. Unavunja bamba la jeki, na kwa besi yenye betri ya volti 9 unaimaliza betri, kwa sababu plagi ndiyo swichi yake.

Unyevu, jasho, chumvi

Mbao za gita zinapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hewa inazidi hapo sehemu kubwa ya mwaka, na huwezi kushindana nayo ndani ya begi la kitambaa. Pakiti za silika zinasaidia kwenye kesi ngumu inayofunga vizuri, gramu 100 hadi 150, zikikaushwa zinapobadilika rangi. Kwenye begi laini hushiba kwa siku chache. Mchele haufanyi kazi ya maana.

Kinachofanya kazi ni taratibu. Baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu juu na chini, futa briji, kisha acha begi wazi nusu saa kabla ya kulifunga. Begi lililonyeshewa lisifungwe kamwe na gita ndani. Litoe gita, geuza bitana nje, anika kivulini. Jua kali hupasua utando wa kuzuia maji.

Ukitoka kwenye basi lenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, usifungue begi mara moja. Vyuma bado vya baridi, na umande utashika nyuzi, pikapu na funguo. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Anayepanda Arusha au Nairobi naye atarajie shingo kusogea kidogo hewa ikikauka. Abebe eleni ya fimbo ya shingo (chuma kilichomo ndani ya shingo kuinyoosha) inayolingana na gita lake, ageuze robo mzunguko kwa wakati, kisha asubiri.

Kupakia na kupanda

Waya ukunjwe duara pana, uwekwe kwenye mfuko wa chini karibu na kitako. Vifaa vya chuma viwe ndani ya soksi nene. Mfuko wa mbele usizidi kilo moja.

Kwenye boda, kaza mikanda hadi begi lipande juu: kitako chake kikae usawa wa kiti bila kukigusa. Kikigusa, kila tuta la barabarani linainua gita zima na kuliangusha juu ya kifungo. Kichwa kitazidi kofia yako kwa zaidi ya sm 20. Mwambie dereva kabla hajapita chini ya mwembe. Kwenye bajaji laza besi mapajani, kichwa kikiwa upande wa ndani. Kwenye daladala iwe wima kati ya magoti, nyuzi zikikuelekea wewe, mkono mmoja shingoni. Kwenye basi kubwa, begi laini liende nawe juu. Buti ni mahali pa magunia na ndoo za mafuta.

Kwa ndege, vipimo vya mzigo wa kawaida vya mashirika mengi ni jumla ya sm 158, urefu na upana na kina pamoja, na kesi ya besi inapita hapo. Piga simu kabla ya kukata tiketi. Legeza nyuzi nusu mvuto tu, usizitoe kabisa, kwa kuwa fimbo ya shingo itaivuta shingo nyuma peke yake. Eleni na kikata nyuzi viende kwenye mzigo unaokabidhiwa. Betri za lithiamu za vifaa visivyo na waya vibaki nawe ndani.

Kila miezi sita rudia jaribio la vidole viwili chini ya kichwa na la kubana sponji. Zipu na mikanda fundi atashona upya hata mara tatu. Sponji iliyolala kwenye kizuizi cha shingo au kitakoni haishoniki; ikate, itupe, weka nyingine kabla ya safari inayofuata.